Bayume Mohamed Husen, Mswahili Aliyefia Kambini Sachsenhausen

Kaskazini ya Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, mwendo wa kilomita 35 hivi, uko mji mdogo uitwao Oranienburg. Karibu na mji huo watu wa chama cha Hitler, yaani Wanazi, walijenga mwaka 1936 kambi kubwa ya wafungwa, jina lake Sachsenhausen. Watu zaidi ya 200,000 walitiwa humo katika muda wa miaka tisa, nao waliokufa ni makumi ya maelfu. Walikuwamo Wajerumani, Wapolandi, Warusi, Wafaransa, Waholanzi, Wayahudi na watu wa mataifa mengine mengi. Na miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam, ambaye lugha ya utoto wake ilikuwa Kiswahili. Jina lake ni Bayume Mohamed Husen. Alikufa kambini tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

Hakuwa mwizi wala muuaji. Wala hakuwa adui wa Ujerumani. Kumbe, tangu utoto aliitumikia Ujerumani kwa bidii kuliko Wajerumani wengi. Ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusimuliwa taratibu, tangu mwanzo hata mwisho.

1. Mtoto wa askari

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akapewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Siku zile nchi yote toka pwani hata ziwa Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi, ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Walikuwa wameitwaa nchi kwa nguvu ya bunduki. Mwaka 1889 afisa wao Wissmann alikwenda Misri akaandikisha Wasudani wapigane na Abushiri na watu wa pwani. Tangu hapo Wasudani walikuwa na sifa kubwa katika jeshi la Wajerumani, na baadhi yao walipandishwa vyeo.

Adam Mohamed, baba yake mtoto huyu, alikuwa mmoja wa askari hao wa asili ya Kisudani, naye alifikia cheo cha efendi, ndicho cheo cha juu alichoweza kupewa mtu mweusi katika jeshi lile. Mtoto alikua katika dini ya Kiislamu kama wazazi wake. Alikwenda shule, akajifunza kusoma, kuandika na kusema Kijerumani.

Watoto wa askari waliishi karibu na boma. Waliwaona baba zao wamevaa nguo nzuri za jeshi, wanapokea mshahara, wanaheshimiwa na kuogopwa. Lakini hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1905, mtoto alipokuwa wa mwaka mmoja, watu wa kusini waliinuka katika vita ya Majimaji. Wajerumani na askari wao waliizima vita hiyo kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hivyo askari mweusi alisimama katikati: watu wa nchi walimwona kuwa mkono wa Mzungu, na Mzungu alimwona kuwa chombo chake. Mtoto mdogo hawezi kuyajua hayo. Yeye huona vifungo vinavyong'aa tu.

2. Vita ya mwaka 1914

Mwaka 1914 Wazungu walianza kupigana Ulaya, na vita ikavuka bahari. Ilifika Kivu mapema. Mwezi wa Septemba mwaka ule Wajerumani waliokaa Kisenyi walikiteka kisiwa cha Idjwi. Goma na Kisenyi, ambako mtu aweza kwenda kwa miguu toka huku hata huko kwa saa moja, pakawa pande mbili za vita. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo yaliyoongozwa na Jenerali Tombeur yalivuka mpaka, yakaingia Kigali mwezi wa Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba. Wakongo zaidi ya 200,000 walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi makwao.

Kwa upande wa Wajerumani, Adam Mohamed alikwenda vitani, na mwanawe akaenda naye. Mahjub alikuwa na miaka kumi tu. Walimtia katika kazi ya ishara, maana wale watoto wa shule waliojua kusoma walifaa kupeleka habari toka kikosi hata kikosi. Wazazi wa Kivu, ambao kwa miaka mingi wameona watoto wao wakichukuliwa na watu wenye silaha, wanaelewa bila kufundishwa maana ya jambo hilo. Mtoto aliyepewa kazi ya vita kabla hajaota ndevu huwaona wakubwa wake wa jeshi kuwa ndio jamaa yake, na amri zao kuwa ndiyo sheria.

Jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kuelekea kusini akipigana. Mwezi wa Oktoba 1917 palikuwa na mapigano makali sana huko Mahiwa, upande wa Lindi. Mahjub alijeruhiwa hapo, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Vita ilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa imeshindwa, na makoloni yake yote yalichukuliwa. Tanganyika ikatawaliwa na Waingereza, Rwanda na Burundi zikatawaliwa na Wabelgiji. Serikali ambayo Adam Mohamed na mwanawe waliitumikia haikuwapo tena katika Afrika, na mshahara wao wa miezi ya mwisho ya vita haukuwa umelipwa.

3. Safari ya Ulaya

Kijana alitafuta riziki yake melini. Alifanya kazi ya utumishi katika meli za Wajerumani zilizopita pwani ya Afrika ya Mashariki. Hata mwaka 1929 akashuka Ulaya, akafika Berlin. Huko akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Alikuwa na neno moja la kuuliza. Alikwenda katika Wizara ya Mambo ya Nje akadai mshahara wa vita, wake mwenyewe na wa baba yake. Hakuomba sadaka, alidai jasho lao. Wakubwa wa wizara walimjibu kwamba amechelewa, siku za kudai zimekwisha pita. Akatoka mikono mitupu.

Mtu mwingine angalikata tamaa akarudi kwao. Husen alibaki. Alipata kazi ya kupeleka chakula na vinywaji mezani katika jumba kubwa la starehe liitwalo Haus Vaterland, katikati ya mji. Watu walikuja kula, kunywa na kusikiliza muziki, na kila chumba kilipambwa kwa mfano wa nchi fulani. Mtumishi mweusi alikuwa sehemu ya mapambo hayo.

Baadaye alipata kazi nyingine iliyofaa zaidi akili yake. Katika chuo cha lugha za mashariki huko Berlin palifundishwa Kiswahili, nao walihitaji mtu aliyekizaliwa. Husen akawa msaidizi wa kufundisha. Waliojifunza kwake walikuwa wataalamu pamoja na watu wa serikali na polisi, waliotumaini kwamba siku moja Ujerumani itapata tena makoloni yake. Wenye vyeo vya ualimu walikuwa Wazungu. Yeye, aliyekijua Kiswahili kuliko wote, aliitwa msaidizi tu, na malipo yake yalikuwa madogo.

4. Ndoa na sheria za damu

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alioa mwanamke Mzungu, jina lake Maria, mtu wa jamii ya Wajerumani wa Bohemia. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler alifanywa mkuu wa serikali ya Ujerumani.

Wanazi waliamini na kufundisha kwamba watu hawako sawa. Walisema damu ya Wajerumani ni bora kuliko damu zote, na kwamba Wayahudi, Wasinti na Waroma, na watu weusi ni uchafu wa kuondolewa. Uongo huo ulifundishwa shuleni, ukaandikwa magazetini, ukasemwa katika redio, mpaka watu wengi wakauzoea. Mwezi wa Septemba 1935 ukafanywa kuwa sheria. Sheria hiyo ilikataza ndoa na maingiliano baina ya Mjerumani na Myahudi, na punde ikaelezwa kwamba yahusu pia watu weusi. Ndoa ya Husen ilikuwa imefungwa kabla ya sheria, kwa hiyo haikuvunjwa. Lakini toka siku zile maisha ya mume na mke yalikuwa chini ya macho ya majirani na ya polisi.

Waafrika waliotoka katika makoloni ya zamani waliona mlango baada ya mlango ukifungwa. Wengi walinyang'anywa pasi zao, wakawa watu wasio na nchi. Wengi walifukuzwa kazini. Kazi moja iliyobaki wazi ilikuwa kuonyeshwa: katika maonyesho yaliyozunguka mijini watu weusi walicheza ngoma mbele ya watazamaji, na katika sinema walipewa nafasi za watumishi, wapagazi na askari.

5. Askari wa sinema

Husen aliingia katika sinema mwaka 1934. Filamu yake ya kwanza ilihusu Wajerumani wapanda farasi katika Afrika ya Mashariki wakati wa vita ya 1914, naye alicheza askari wa ishara. Alirudia mbele ya kamera kazi aliyoifanya kweli alipokuwa mtoto. Toka hapo mpaka 1941 alionekana katika filamu zipatazo 23. Mara nyingi jina lake halikuandikwa. Alileta kinywaji, alifungua mlango, alisimama nyuma ya bwana wake, akatoka.

Katika mwaka ule ule wa 1934 serikali ilianza kutoa nishani ya heshima kwa watu wote waliopigana katika vita ile. Husen aliiomba. Je, hakupigana? Hakujeruhiwa Mahiwa? Alikataliwa. Basi alijipatia nishani kwa njia yake mwenyewe, akaivaa kifuani juu ya nguo za askari, akasimama pamoja na Wajerumani katika mikutano yao ya kukumbuka makoloni. Pana picha yake ya siku zile: amesimama wima katika nguo za askari, kama mtu anayengoja kukaguliwa na mkubwa wake.

Pengine msomaji ataona haya kwa ajili yake. Lakini inafaa kumfikiri kwa huruma. Nchi aliyozaliwa ilikuwa mbali. Katika Ujerumani hakuwa raia kamili. Mkewe na watoto walimtegemea. Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kuwaonyesha wakubwa wa Ujerumani ili wamhesabu kuwa mtu: utumishi wake wa zamani. Alikishika kama mtu aliyeanguka majini anavyoshika ubao. Vita nyingine ilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuwa askari wa Ujerumani tena, wakamkataa. Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941. Ilisimulia habari za Carl Peters, yule Mjerumani aliyekwenda Usagara mwaka 1884 akawatia machifu sahihi katika karatasi wasizozielewa, na hivyo akaanzisha utawala wa Wajerumani katika nchi ile. Watu wa nchi walimwita Mkono wa Damu. Alipokaa Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana mmoja, na kwa ajili ya ukatili huo serikali ya wakati ule yenyewe ilimfukuza kazini mwaka 1897. Wanazi walimrudishia heshima yake, na filamu ikamwonyesha kuwa shujaa. Husen alipewa nafasi kubwa kuliko zote alizopata kupewa: alicheza Ramasan, Mwafrika mwaminifu anayemfuata Peters.

6. Kukamatwa

Katika miezi ile Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, asiyekuwa mkewe. Kosa hilo lisifichwe. Alikuwa na mke halali, na mtu aliyeoa hana ruhusa ya kumwacha mkewe moyoni na kwenda kwingine. Lakini polisi waliomkamata mwezi wa Agosti 1941 hawakuja kwa ajili ya machozi ya mkewe. Wajerumani weupe wengi walitenda kosa lilo hilo kila siku, na hakuna aliyewatia pingu. Walimkamata kwa sababu yeye alikuwa mweusi na mwanamke yule alikuwa mweupe. Kwa Wanazi hilo liliitwa kuchafua damu.

Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakusomewa mashtaka wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Polisi wa siri wa Hitler, walioitwa Gestapo, walikuwa na uwezo wa kumfunga mtu yeyote bila hukumu na bila kutaja siku ya kumfungua. Mwezi wa Septemba 1941 wakampeleka Sachsenhausen. Huku nyuma watu walikuwa bado wanalipa viingilio katika majumba ya sinema ili wamtazame Ramasan mwaminifu.

7. Kazi za kambini

Mtu aliyeingia Sachsenhausen alivuliwa nguo zake, akanyolewa nywele, akapewa nguo za mistari na namba. Juu ya nguo ilishonwa pembetatu ya kitambaa, na rangi yake ilionyesha sababu ya kufungwa: nyekundu kwa waliopinga serikali, kijani kwa wahalifu, na rangi nyingine kwa wengine. Jina lake halikutumiwa tena.

Kabla ya mapambazuko wafungwa waliamshwa, wakajipanga uwanjani kuhesabiwa. Jioni walihesabiwa tena. Ikiwa hesabu haikutimia, walisimama saa nyingi katika mvua au theluji, na dhaifu walianguka wakafa pale pale. Chakula kilikuwa kipande cha mkate na supu nyepesi. Walilala wamesongamana katika mabanda ya mbao, na maradhi yalipita toka mmoja hata mwingine.

Kutwa walifanya kazi za kulazimishwa. Karibu na mfereji wa maji palikuwa na kiwanda kikubwa cha matofali, maana Hitler alitaka kuujenga upya mji wa Berlin kwa majumba makubwa. Wafungwa walikijenga kiwanda hicho na kuchoma matofali, na kazi hiyo iliogopwa kuliko nyingi, kwa kuwa wengi waliouawa kwa mapigo na kwa uchovu walifia huko. Wengine walipelekwa kutengeneza ndege za vita katika kiwanda cha Heinkel. Na kuzunguka uwanja wa kuhesabia palitengenezwa njia ya namna yake: sehemu moja mchanga, sehemu moja kokoto, sehemu moja mawe, sehemu moja saruji. Wafungwa walitembezwa juu yake kutwa kucha, kilomita zipatazo 40 kwa siku, mara nyingi wakiwa na mizigo mgongoni, ili viwanda vya viatu vijue ni soli gani inayodumu. Soli zilipimwa kwa uangalifu. Miguu ya watu haikuhesabiwa.

Wazee wa Kongo waliosimuliwa habari za mpira mwekundu na za wapagazi wa vita wanaijua kazi ya namna hii: kazi isiyojali kama mfanyakazi ataishi, kwa sababu mwenye kuiamuru anaamini kwamba watu wengine wataletwa kushika nafasi yake.

Husen alifika kambini katika siku mbaya sana. Katika miezi ile ile ya mwaka 1941 mateka wa kivita wa Urusi zaidi ya 10,000 waliletwa Sachsenhausen wakauawa kwa kupigwa risasi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 1942, Waholanzi 72 waliuawa kambini humo siku moja. Hao walikuwa wa chama cha siri kilichowapinga Wajerumani tangu walipoiteka Uholanzi mwaka 1940.

Katika kambi nyingine yalitendeka mambo kama hayo. Padre Titus Brandsma, Mholanzi, aliyesimama mbele ya wakubwa wa magazeti ya Kikatoliki akawataka wasichapishe matangazo ya Wanazi, alifia Dachau tarehe 26 Julai 1942. Katika kambi hiyo hiyo ya Dachau alifungwa Jean Voste, mzaliwa wa Kongo ya Wabelgiji, aliyejiunga huko Ubelgiji na wale waliopigana na Wajerumani kwa siri. Alikamatwa mwaka 1942, naye kwa bahati njema alitoka hai kambi ilipofunguliwa mwaka 1945.

Padre yule na Mkongo yule walijua kwa nini wanateswa: walikuwa wamechagua kumpinga mtesi. Husen hakumpinga mtesi. Alimtumikia tangu umri wa miaka kumi. Lakini mlango wa kambi haukutofautisha. Utawala unaopima watu kwa damu hauangalii uadui wala uaminifu. Huangalia ngozi na jina.

8. Kufa kwake na kukumbukwa kwake

Husen alivumilia kambini miaka mitatu na miezi miwili. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Aprili 1945, majeshi ya Urusi na ya Poland yaliingia Sachsenhausen na kuwakuta wagonjwa wapatao 3,000 tu, kwa maana walinzi walikuwa wamewaswaga wengine wote kwa miguu, na wengi wao walikufa njiani. Majivu ya Husen yalizikwa Berlin, katika makaburi ya Reinickendorf, mbali na bahari ya Dar es Salaam.

Kwa muda mrefu hakuna aliyemtaja. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Afrika ya Mashariki waliokuwa bado hai deni la vita ya 1914, deni lile lile ambalo Husen aliambiwa mwaka 1929 kwamba siku zake zimepita. Wakati huo yeye alikuwa amekufa miaka ishirini.

Baadaye wataalamu walianza kufungua majalada ya zamani na kuyatafuta maisha ya Waafrika walioishi Ujerumani. Mtaalamu Marianne Bechhaus-Gerst aliandika kitabu kizima juu ya Husen, kikatoka mwaka 2007. Mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa Berlin katika njia ya Brunnenstraße, mbele ya mahali alipokuwa akikaa, na juu yake limechorwa jina lake. Baada ya miaka michache ikatengenezwa filamu juu ya safari yake, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa habari yenyewe, wala si mtumishi nyuma ya kiti cha mwingine.

9. Jambo la kukumbuka

Maisha haya yana maonyo mawili.

La kwanza ni kwa kijana. Zipo siku zote nguvu zinazomwita mtoto kwa nguo nzuri, bunduki na maneno ya kusifu. Humwambia kwamba akizitumikia vema atakuwa mtu mkubwa. Husen aliitika mwito wa namna hiyo kabla hajajua kuchagua, na maisha yake yote akaendelea kuwangoja wale waliomwita wamtambue. Hawakumtambua. Thamani ya mtu haitoki kwa mkubwa wa jeshi, wala kwa nishani, wala kwa cheti cha serikali. Mtu ameumbwa nayo, na hakuna awezaye kumpa wala kumnyang'anya. Anayejua hivyo hawezi kununuliwa kwa kifungo kinachong'aa.

La pili ni kwa watu wote. Kambi ya Sachsenhausen haikuanza kwa ukuta wala kwa waya wenye miiba. Ilianza kwa maneno: kwamba damu ya watu hawa ni njema na ya wale ni mbaya, kwamba hawa ni wenyeji wa kweli na wale ni wageni wa kuondolewa. Maneno hayo yalipozoeleka yakawa sheria, sheria ikajenga kambi, kambi ikaua. Watu wa Kivu wamepata kuyasikia maneno ya namna hiyo katika lugha zao wenyewe, juu ya kabila na kabila, nao wameona yanakofikisha. Basi mtu akiyasikia sokoni, au njiani, au nyumbani mwake mwenyewe, asiyacheke wala asiyapokee. Ayakatae hapo hapo, yakiwa bado ni maneno.